Risasi Tatu Zilizofutwa Rangi

Risasi tatu zilikuwa zimelala juu ya karatasi nyeupe, na Inspekta alizitazama kwa muda mrefu kuliko Sajenti alivyopenda.

"Afande, unaziangalia kama zitataga mayai," Sajenti alisema. "Mtu tumemkamata saa tatu asubuhi, ushahidi ndio huo, faili linasubiri sahihi yako. Gari la kwenda kwa mwendesha mashtaka linaondoka saa tisa."

"Sasa ni saa sita na nusu."

"Ndiyo, ila dereva wa leo hupenda kuwahi."

Inspekta alivaa glavu. Aliuvuta karibu mkoba wa bunduki, mrefu, wa turubai, zipu yake kubwa imebanwa kwa kufuli dogo. Alilifungua kwa ufunguo uliokuwa katika bahasha ya vielelezo. Bunduki ilikuwa ya zamani, mti wake umelainika kwa kushikwa. Chemba ilikuwa tupu, magazini tupu. Bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba, ilikuwa imetolewa, imeviringishwa ndani ya soksi ya sufu na kusukumwa mwisho kabisa wa mkoba.

Kisha alifungua sanduku la chuma lenye kufuli lake peke yake. Sajenti alikuwa amelikuta nyuma ya kiti cha dereva, wakati bunduki ilikuwa kwenye buti. Alihesabu. Arobaini. Alichukua kibali cha kusafirisha, kilichotolewa jana kaunta ya kituo hikihiki. Arobaini.

"Mtu anayeivisha bolti soksi," alisema, "anasahau risasi tatu kwenye mfuko wa nje?"

"Binadamu husahau. Mimi mwenyewe juzi nimesahau mtoto shuleni."

Sheria ya kubeba silaha katika gari la binafsi ilikuwa fupi, na kila mwenye leseni aliijua kwa moyo. Bunduki iwe tupu na ifungwe. Risasi zifungwe peke yake, mahali pengine. Kibali kiwepo, kikiwa na idadi yake. Safari iwe moja, kutoka nyumbani hadi uwanja wa shabaha, bila kupitia kokote. Risasi moja tu ikikutwa pamoja na bunduki, leseni hufutwa maisha na mwenyewe hukabiliwa na kifungo cha miaka mitano. Mtuhumiwa alikuwa mkutubi wa maktaba ya chuo, mtu wa miaka arobaini na mitatu, hajawahi hata kuandikiwa kosa la kuegesha gari.

"Nani alikuambia uanze na mfuko wa nje?"

Sajenti alimpa simu ya zamu. Ujumbe uliingia saa mbili na nusu: *Gari jeupe, linaelekea uwanja wa shabaha. Tazameni mfuko wa nje wa mkoba wa bunduki.* Namba yenyewe ilikuwa haipatikani tena.

"Raia mwema," alisema Sajenti.

"Raia mwema mwenye macho makali. Ameona ndani ya buti lililofungwa."

Inspekta alichukua kioo cha kukuzia. Zile arobaini zote zilikuwa na nukta ya bluu kwenye kitako. Zile tatu hazikuwa na nukta yoyote.

"Rangi ya kucha hiyo, Afande. Hata mimi nilicheka. Uwanjani maganda huruka yakachanganyika, na kila mtu lazima arudishe yake kwa hesabu. Kwa hiyo kila mmoja ana rangi yake."

"Na hizi?"

"Labda hakuwahi kuzipaka."

Inspekta aliigeuza ya kwanza chini ya taa. Kitako kiling'aa kuliko mwili wa risasi, kama sahani iliyosuguliwa sehemu moja tu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, katika mfereji mwembamba unaozunguka kile kiduara kinachogongwa na pini, palikuwa na uzi wa rangi usiozidi unene wa unywele.

"Zilipakwa," alisema. "Mtu amezifuta. Zilikuwa zambarau."

Akazirudisha moja moja kwenye bahasha. "Na jambo lingine, Sajenti. Risasi haizai. Hapa hakuna anayenunua moja bila kuandikwa. Kama tatu zimezidi hapa, kuna mahali zimepungua tatu."

*

Mkutubi alikuwa ameshazipanga karatasi zilizokuwa mezani, kubwa chini, ndogo juu. Shati lake lilikuwa na vumbi kifuani.

"Nieleze asubuhi yako," Inspekta alisema. "Taratibu."

"Niliamka saa kumi na mbili. Nikafungua kabati la silaha. Nikatoa bolti, nikatazama chemba kwa macho, halafu nikaipapasa kwa kidole, kwa sababu macho hudanganya. Nikafunga mkoba. Sanduku la risasi nilitangulia nalo garini. Mkoba nikauweka barazani, nikarudi kufunga kabati."

"Mkoba ulikaa barazani muda gani?"

"Dakika mbili. Tatu."

"Pale barazani alikuwapo nani?"

Alizisogeza karatasi tena, ingawa hazikuwa zimekaa vibaya. "Mke wangu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye naye hulenga shabaha, tulikuwa tunaongozana, kila mtu na gari lake. Na nesi mmoja wa klabu yetu. Huwa nampa lifti Jumamosi."

"Mkeo anampenda huyo nesi?"

"Mke wangu ni mtu mwema."

"Sikuuliza hilo."

Inspekta alimwekea kioo mbele yake, na ile risasi ya tatu ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Angalia mfereji. Ni rangi gani?"

Aliinama. Alipoinua uso, alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati lenye vumbi, ikazidi kuchafuka.

"Zamani rangi yako ilikuwa ipi?"

"Afande, naomba karatasi."

"Ya nini?"

"Niandike. Hizo risasi ni zangu. Nilizisahau. Tusipotezeane muda."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa unapapasa chemba kwa kidole."

"Nimeandika makosa mengi ya watu wengine maktabani. Acha niandike langu moja."

Alimpa karatasi. Mkutubi aliandika mistari miwili, kwa mwandiko mzuri, akaweka sahihi. Inspekta alisoma, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Hakuiweka kwenye faili.

*

Mapokezi palikuwa na benchi moja, na wanawake wawili walikuwa wameligawana kwa kuacha katikati nafasi ya mtu wa tatu. Yule aliyevaa sare ya hospitali alishika mfuko wa plastiki magotini. Mwingine alikuwa amesimama sasa kaunta, akijaza fomu ya wageni. Penye *Uhusiano na mtuhumiwa* aliandika MKE, kwa herufi kubwa, akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

"Umemletea nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Maji na shati, dada," nesi alijibu. "Lake limechafuka walipomlaza barabarani."

"Shati la nani?"

"La mume wangu."

"Kumbe unaye."

"Ninaye. Na ana wivu kukushinda wewe. Kila Jumamosi ananipigia simu mara sita, mpaka klabu wamemzoea sauti."

"Na bado unakaa kiti cha mbele."

"Kiti cha nyuma kina sanduku la risasi, dada. Mumeo hakubali mtu akae karibu nalo. Hata miguu yangu ameipimia."

Kijana mmoja aliyeegemea mlango, funguo za gari zikizunguka kidoleni, alicheka. "Dada, hapa kituoni. Mkimaliza mtapewa vyumba bure."

"Nyamaza, Kitinda," mke alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyemlea.

Kijana alimnyooshea Inspekta mkono. "Mimi ni mdogo wake, Afande. Wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana ya hilo jina. Natengeneza simu pale sokoni. Sisi tumeshtuka sana. Mimi nilitangulia asubuhi, nimekaribia kabisa uwanjani, dada akanipigia analia. Nikageuza gari papo hapo, nikamfuata, nikamleta. Shemeji ni mwangalifu, lakini umri nao."

"Ana miaka arobaini na mitatu."

"Ndiyo, umri ulianza hapo kwa baba pia."

Inspekta alimgeukia nesi kwanza. "Rangi yako klabu ni ipi?"

"Nyekundu. Bluu ni chupa yangu pia, nilimpa yeye. Aliniomba, kama wiki tano hivi zilizopita. Alisema ya kwake ameiacha. Sikumwuliza kwa nini, nilidhani imekauka."

Mke wa mkutubi aliiweka kalamu chini polepole. "Aliomba kwako," alisema. "Ana mke nyumbani mwenye chupa kumi na moja, akaomba kwako."

"Mama, njoo na mimi," Inspekta alisema.

*

Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililotazama maegesho. Mke alikaa pembeni mwa kiti, mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unampakia risasi."

"Kila Ijumaa, tangu baba alipomwachia ile bunduki. Miaka mitatu. Yeye anazipanga mezani, mimi napaka. Ana mikono mizito, akipaka yeye inamwagika. Tulikuwa hatuongei hata, redio inaimba tu." Alivuta pumzi. "Halafu Ijumaa moja nikatoa chupa, akasema, usijisumbue tena. Basi. Hakueleza. Kesho yake nikaona bluu."

"Ukafikiri ni nesi."

"Ningefikiri nani? Seremala?"

"Leo asubuhi mkoba ulikuwa barazani. Ulikuwa karibu nao?"

"Hatua mbili. Nilikuwa nimekunja mikono, namtazama yule mwanamke anavyofunga mkanda wa gari, kana kwamba gari ni la kwao." Alimtazama Inspekta usoni. "Unaniuliza kama nimemtilia risasi mume wangu ili afungwe. Mimi nikimkasirikia mume wangu namnyima kuongea. Nikizidi sana nahamia chumba cha watoto. Nimfunge, nigombane na nani?"

Inspekta alikaribia kutabasamu, akajizuia. Aliweka kioo mezani na ile risasi. "Rangi hii unaijua?"

Mke hakuhitaji kioo. "Ni zambarau yangu. Ile ya harusi ya binamu yangu. Hawaitengenezi tena."

"Chupa iko wapi?"

"Nilimpa..." alisema, akaangalia dirishani.

Nje, Kitinda alikuwa ameegemea gari lake, akipangusa kioo cha simu ya mtu kwa kitambaa na kichupa kidogo cha spiriti, kwa mizunguko midogomidogo, kama alivyofanya siku zote akiwa hana kazi.

"Ulimpa nani, mama?"

"Alikuja kula siku hiyo. Alinikuta nampakia mume wangu. Akasema, mimi nani ananipakia? Toka mdogo ndivyo alivyo. Ukimpa mwenzake yai, naye anataka, hata kama ameshiba. Nilimcheka, nikampa chupa yote. Ilikuwa imebaki nusu."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Mwanzoni." Alihesabu kwa vidole juu ya mkoba. Kidole cha tano kilipoinuka, hakikushuka. "Na Ijumaa iliyofuata ndiyo akaniambia nisijisumbue."

"Wawili wangekuwa na rangi moja uwanjani," Inspekta alisema. "Mmoja alilazimika kuiacha."

"Akaiacha yeye." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Akaenda kuomba rangi kwa mtu baki, kuliko aniambie mdogo wangu amemnyang'anya yake."

"Ile bunduki ilikuwa ya baba yenu?"

"Ya baba. Tulitegemea itakwenda kwa Kitinda, ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Baba akamkuta siku moja ameiacha kwenye gari na dirisha wazi, ameingia dukani kununua soda. Hakumgombeza. Wiki ile ile akampeleka mume wangu ofisi ya leseni, akamwandikisha. Kitinda akanunua ya kwake, mpya, ya bei. Lakini kila akija nyumbani hukaa kiti kile kinachotazama kabati."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Inspekta alisimama.

"Afande," mke alisema. "Kuwa na chupa si kosa."

"Si kosa."

"Basi sijasema kitu."

"Hujasema kitu bado. Kaa hapa."

*

Sajenti alikuwa tayari maegesho. Kitinda aliiweka ile simu mfukoni alipowaona.

"Gari lako lina silaha?" Inspekta aliuliza.

"Lina, na kibali kipo." Alijibu upesi, kwa fahari. "Bunduki kwenye buti, tupu, imefungwa. Risasi nyuma ya kiti changu, zimefungwa. Funguo hizi, mbili tofauti. Nimejifunza, Afande. Nani asiyejifunza katika familia hii?"

"Kibali."

Kilitolewa jana, kaunta ileile, dakika kumi baada ya kile cha shemeji yake. Askari wa zamu alizihesabu mbele yake na kuandika: thelathini.

"Fungua sanduku."

Kitinda hakusogea. Funguo ziliacha kuzunguka.

"Nilipiga chache asubuhi," alisema.

"Wapi?"

"Uwanjani."

"Uliniambia ulikaribia uwanja, dada yako akakupigia, ukageuza gari papo hapo."

"Nilifika kidogo."

"Uwanja hufunguliwa saa nne. Simu ya dada yako inaonyesha alikupigia saa tatu na robo. Maganda yako wapi?"

Sajenti alichukua funguo mkononi mwake, akafungua, akahesabu juu ya boneti, tano tano. Vitako vyote vilikuwa na nukta ya zambarau, nono, zilizomwagika pembeni, kazi ya mtu aliyepaka mwenyewe. Alipofika mwisho alihesabu tena, safari hii bila mzaha.

"Ishirini na saba."

"Ungefika uwanjani ukapiga zote, ukasema thelathini," Inspekta alisema. "Maganda matatu yangekuwa yamepotea kwenye nyasi, hutokea. Lakini simu ya dada yako ikaja mapema. Namba ya kututumia ujumbe na kuizima, fundi simu haikosi. Na spiriti unayosafishia vioo vya simu husafisha palipo bapa. Haiingii kwenye mfereji."

Kitinda alitazama dirisha dogo la kile chumba. Lilikuwa wazi, na dada yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja kwenye nondo.

"Dada," aliita. "Umewaambia kuhusu chupa?"

Dada alishika nondo kwa mkono wa pili.

"Ni bunduki ya baba yangu," alisema, si kwa Inspekta. "Mimi ndiye mwanawe. Yeye ni mume wa mtu tu, amekuja kwetu ameshakua. Amepewa bunduki. Amepewa wewe. Ijumaa anapakiwa risasi kama bwana harusi. Nikasema leo basi, leo na yeye aonekane mzembe. Siku moja tu. Sikujua mambo ya miaka mitano."

"Ulijua," dada alisema dirishani. "Ulikariri sheria ile mezani kwangu, nikikusikiliza, siku unakwenda kufanya mtihani wa leseni. Nilikuwa nimeshika kitabu mimi."

Sajenti alimshika kijana mkono, bila nguvu, wakaingia ndani kwa mlango wa nyuma.

*

Dereva wa gari la saa tisa aliondoka bila faili. Inspekta alirudi chumbani. Mke alikuwa ameketi, safari hii ameegemea kiti.

"Mume wako atatoka baada ya nusu saa. Kuna karatasi za kumrudishia vitu vyake. Kabla ya hapo, soma hii. Hukutakiwa kuiona, lakini naenda kuichana."

Mke aliikunjua. *Risasi tatu ni zangu, nilizisahau kwa uzembe wangu. Mke wangu hajui lolote na asiulizwe.* Aliisoma, kisha akaisoma tena, kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Alidhani ni mimi," alisema. "Ameona rangi, na aliyemkasirikia nyumbani ni mimi, si Kitinda, akadhani ni mimi."

"Ndiyo."

"Na bado akaandika." Aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. "Na mimi wiki tano simsemeshi kwa sababu ya chupa ya bluu."

Inspekta aliichana vipande vinne. Kisha akavuta droo na kutoa fomu nyingine, ile ya maelezo ya shahidi, akaigeuza imwelekee.

"Bila maelezo yako kuhusu chupa, wakili atasema kila mtu anaweza kununua zambarau."

"Hawaitengenezi tena."

"Ndiyo maana nakuhitaji uandike. Sikulazimishi. Unaweza kukataa, na mume wako atatoka tu."

Kutoka korido ilisikika sauti ya mkutubi akimwuliza askari kama anaweza kurudishiwa soksi ya sufu, ile ya bolti, kwa kuwa mke wake ndiye aliyeifuma. Askari akasema itabidi aisainie.

Mke alichukua kalamu. Alijaza jina, umri, kazi. Alipofika penye *Uhusiano na mtuhumiwa*, mkono wake ulianza kuandika herufi ya kwanza ileile aliyoandika mapokezi, akasimama, akaikata kwa mstari mmoja. Pembeni, kwa herufi ndogo ambazo Inspekta alilazimika kuinama kuzisoma, aliandika: *dada*.